Pete ya Kitanda cha Saba

Tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba ya shikamoo ambayo hujaniamkia tangu mwaka uanze. Naitikia mapema, usije ukasingizia kwamba mimi ndiye niliyenuna. Nimeamka salama. Magoti yananisumbua, lakini yalianza kunisumbua hujazaliwa, nimeyazoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Mjomba wako mzima, mkewe mzima, na kale katoto kao ka mwisho kameota meno mawili. Kananing'ata mimi tu, wengine kanawachekea. Paa la jikoni linavuja pale pale. Mjomba wako amepanda juu mara mbili, na kila akishuka linavuja zaidi, sasa nimemwambia akae chini.

Usinitumie maneno kwenye simu yake. Ananisomea nusu, nusu anameza. Na sikio langu la kulia limekwisha, la kushoto linasikia linapotaka. Andika barua, mpe dereva wa basi la mizigo, ataiacha dukani. Mimi niliishia darasa la tatu lakini mkono wangu unasomeka, na ukiona herufi imekosewa, kaa nayo kimya.

Nasikia umepewa cheti. Siku tatu umekaa semina unafundishwa kumhudumia mgonjwa kiroho, na kwa mila zake. Nimemwambia mama wa duka, nimemwambia mwenzake, nimemwambia na mtu aliyepita anauza sabuni. Wakaniuliza ni cheti cha nini hasa, nikajibu ni cha juu sana, hawataelewa. Ukweli ni kwamba hata mimi sijaelewa. Nimepiga deki wodini miaka ishirini na miwili, sikuwahi kuona roho ya mtu inasomewa siku tatu. Nieleze, nipate la kuwajibu.

Na ule. Ulipokuja mara ya mwisho shingo yako ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Bibi yako


Tarehe 19 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nyingine ni ya mwezi wa kwanza, na nyingine ya mwezi wa pili, zipokee zote. Nafurahi kusikia katoto kameota meno. Mwambie mjomba aweke turubai juu ya lile bati, asigonge misumari mingine.

Nisamehe kwa kimya. Wodi yetu ina vitanda ishirini na nane na wagonjwa thelathini na wanne. Wauguzi wa mchana tuko watatu, na mmoja amekwenda kujifungua, basi piga hesabu mwenyewe. Siku nyingine nikifika chumbani nakaa kitandani nivue viatu, na nikizinduka asubuhi ninavyo bado miguuni.

Kuhusu cheti. Tulipewa kitabu chembamba. Kila dini na kila watu wana ukurasa wao: wanakula nini, nani anaruhusiwa kumgusa mgonjwa, mtu wao akiwa anaondoka duniani afanyiwe nini. Ukishajua mgonjwa ni wa watu gani, unafungua ukurasa wake. Metroni amenifanya msimamizi wa jambo hilo wodi nzima.

Nikupe mfano. Tuna mama mmoja, kitanda cha saba, ana karibu miaka sabini. Kiharusi kimemkamata upande wa kulia, haongei. Aliletwa na jirani yake, fundi cherehani, ambaye alimwandikisha jina akakimbia, ana nguo za harusi ya watu hazijaisha. Mume hana, mtoto hana. Daktari ameshaandika kwamba huyu ni wa kungoja tu. Mimi nikasoma jina la ukoo wake, nikajua ni wa dini gani, nikafungua ukurasa wao, nikafanya yote. Nikageuza kitanda kielekee mlangoni. Nikamfunika kichwa kwa kitambaa cheupe. Kwao, mtu anayengoja kuondoka hawi na chuma cha aina yoyote mwilini, kwa hiyo nikamvua pete. Ilikuwa imebana, nilitumia sabuni na dakika kumi. Kisha nikaipata namba ya nyumba yao ya ibada, nikawapigia.

Walikuja wazee wanne, na bibi, walimjua. Wakawaita ndugu zake, dada mkubwa na kaka, watu ambao hapa hatukujua kama wapo. Wakakizunguka kitanda wakaimba taratibu. Yule mama alitokwa na machozi mpaka mto ukalowa. Metroni akanishika bega, akasema, hii ndiyo kazi. Pete niliwakabidhi ndugu, dada akatia sahihi kwenye daftari la mali za wagonjwa.

Siku hiyo nilitoka kazini sijachoka. Ni mara ya kwanza mwaka huu.

Mjukuu wako


Tarehe 30 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, zote tatu. Turubai limewekwa, sasa linavuja pembeni. Mke wa mjomba wako amekohoa wiki nzima, nimempa maji ya moto na maneno makali, amepona. Sisi wengine tupo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani.

Kwanza, kitanda hakina mama. Najua hamruhusiwi kuandika majina ya wagonjwa nje, sawa, lakini ukiwa naye mwite jina lake. Usimwite kwa namba ya chuma alicholalia.

Pili. Ulimuuliza? Umeniandikia kitanda, kitambaa, sabuni, wazee wanne, metroni na bega lako. Nimetafuta mahali ulipomuuliza yeye, sikupaona. Na usiniambie haongei. Kutoongea si kutosikia. Enzi zangu kulikuwa na mzee mmoja kama huyo, madaktari walikuwa wakimjadili juu ya kichwa chake utadhani ni kabati. Mimi nilikuwa nikifika na ndoo namwambia, mzee, nisogeze kitanda? Ananyanyua kidole. Miezi miwili tulisemezana kwa kidole kile, hakuna mwenye koti jeupe aliyejua.

Tatu, machozi. Ukipiga deki chini ya vitanda vya watu unayajua. Yapo ya shukrani, yapo ya maumivu. Na yapo ya mtu anayetazama mambo yake yakiamuliwa na wengine, na mdomo hana. Hayo ya mwisho hayakunji uso. Yanashuka tu. Wake ulikuwaje?

Nijibu hilo la kumuuliza. Mengine si lazima.

Bibi yako


Tarehe 5 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku nyingi, nilikuwa nimebanwa. Nimempa dereva kilo mbili za sukari na ile dawa ya kuchua magoti, mwambie mjomba akuchue jioni, asikuchue huku anaongea na simu.

Hapa mvua imenyesha sana, chumba kinanuka ukungu. Mwenzetu amejifungua mtoto wa kike. Tumebaki wawili mchana, na metroni anasaidia kugawa dawa. Mikono yangu imebabuka kwa sabuni ya hospitali. Nimeomba likizo, wameniambia ningoje mwezi wa nane.

Yule mama bado yupo. Daktari alisema wiki mbili, sasa ni ya saba. Ndugu zake wanakuja kila siku saa kumi.

Bibi, na mimi nina swali. Nikiwa mdogo ulikuwa ukiimba ukiwa unafua, na kila wiki unakwenda ibadani umevaa kile kitambaa cha bluu. Kisha ukaacha, ghafla tu. Mbona wewe hujawahi kuniambia kwa nini? Kila mtu ana maswali yake.

Mjukuu wako


Tarehe 14 Mei

Wewe,

Marahaba. Sukari imefika, dawa imefika, imechua goti moja ikaisha, chupa ya kuchezea watoto hiyo. Tuko wazima.

Nilikuuliza swali moja la neno moja. Umenijibu mvua, ukungu, mtoto wa mwenzako, na sabuni. Mimi nimekulea tangu una miaka sita, nakujua. Ulipovunja ile taa ya chemli ulikuja kunieleza habari za jogoo wa jirani kwa urefu, mpaka nikaingia ndani nikaona vigae mwenyewe. Hii barua yako ni jogoo mtupu.

Ulimuuliza au hukumuuliza?

Mambo ya kitambaa cha bluu yaache. Kilichakaa.

Bibi yako


Tarehe 29 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Sikumuuliza.

Nilijua tangu barua yako ya mwezi wa tatu. Nilijua hata kabla, uso wake haukukunjamana. Sikutaka kuliandika, nikaona nikiliandika litakuwa kweli.

Tarehe ishirini mwezi wa nne alikuja yule jirani yake, fundi cherehani. Alikuja na mafuta ya kumpaka na chanuo. Akakitoa kile kitambaa kichwani bila kuniuliza, akaanza kumchana nywele. Akafika kwenye mkono. Akaniambia, "Sista, pete iko wapi?"

Nikasema, "Wamechukua ndugu zake."

"Ndugu gani? Huyu ana ndugu?"

"Dada yake na kaka yake. Na wazee wa dini yao."

Akaweka chanuo chini. Akasema, "Nani amewaita hao?"

Nikasema ni mimi, na nikaanza kumweleza habari ya kitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akaniambia. Yule mama aliondoka kwao miaka arobaini na moja iliyopita akaolewa na fundi redio, mtu ambaye kwao hawakumtaka. Wazee wale wale walisimama mbele ya ibada wakatangaza kwamba jina lake lisitajwe tena. Mama yake alipofariki alikwenda, akasimama nje ya ua, hawakumfungulia. Hakurudi kwenye dini ile na hakutaka. Mumewe ndiye aliyemtengenezea ile pete kwa mkono wake, kwa shaba ya ndani ya redio mbovu. Alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na pete haikuwahi kutoka kidoleni.

Mimi niliitoa, bibi. Kwa sabuni. Na alikuwa ananitazama.

Sasa akiwasikia kwenye korido anafumba macho mpaka waondoke. Chakula anabana meno. Tulimtia mpira wa kumlisha puani, akauvuta kwa mkono wa kushoto, damu ikatoka. Wenzangu wanaandika kwenye faili "mgonjwa amekataa", wanaendelea na kitanda cha nane. Metroni bado anawaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyemkutanisha na familia yake.

Nimechoka. Si miguu. Nimepeleka ombi la kuhamia ofisi ya kumbukumbu, nikae na mafaili. Faili huwezi kulivua kitu.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niambie tu, nitafanya.

Mjukuu wako


Tarehe 8 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Watu wa huku wote wazima, wiki hii sina zaidi.

Uliniuliza kitambaa cha bluu. Nilikudanganya, hakikuchakaa. Kipo sandukuni.

Mama yako alipolazwa tulikuacha kwa mjomba wako, ndiyo maana hukumbuki. Alilazwa kwenye wodi niliyokuwa napiga deki, kitanda cha pembeni, karibu na sinki. Siku ya Jumanne aliniambia, "Mama, usiniletee watu. Kaa wewe tu." Nikamwambia hiyo ni homa inasema. Mimi wakati ule nilikuwa mtu mkubwa pale ibadani, watu wakinipisha kiti. Binti yangu angeondoka bila kuombewa, uso wangu ningeuweka wapi?

Alhamisi nikaleta watu kumi na wanne. Wakaimba, wakamwekea mikono, wakakemea ugonjwa kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakafunika masikio kwa mito. Mahali padogo. Nikasogea nyuma kuwapisha. Nikasogea tena. Mwisho nikawa nimesimama mlangoni na ndoo yangu. Yeye alikuwa ananitafuta kwa macho katikati ya mabega ya watu. Niliona. Nikajiambia amefurahi.

Walipomaliza wakatawanyika, alikuwa ameshaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua ameondoka wimbo wa ngapi.

Na homa hakuwa nayo. Chati ilikuwa inaning'inia miguuni pake, na darasa la tatu linatosha kusoma namba.

Sikugombana na Mungu, usije ukasema hivyo kwa watu. Mungu hakunituma nilete watu kumi na wanne. Ila kila nikifungua mdomo kuimba naona haya. Nikafunga.

Haya, umeyajua, usinirudishie kwenye barua. Mambo yako sasa. Nenda kwa metroni useme kosa lako kwa mdomo wako, asije akalisema mwingine. Irudishe pete kidoleni kwake. Kisha wafukuze wale watu wote, na uanze na huyo dada, aliyemfungia nduguye mlango kwenye msiba wa mama yao. Asikanyage tena hapo. Halafu muulize mgonjwa wako. Wa kwangu alikuwa na kidole, wa kwako atakuwa na kitu.

Na usiniandikie habari za mafaili. Sikupiga deki miaka ishirini na miwili ili mjukuu wangu akalinde makaratasi.

Bibi yako


Tarehe 2 Julai

Bibi,

Shikamoo. Sitarudisha uliloniandikia, kama ulivyosema. Nimelikunja, nimeliweka.

Nilikwenda kwa metroni. Nikamwambia, pete ya mgonjwa aliye hai haikabidhiwi ndugu, niliikabidhi, na sikupata ridhaa ya mgonjwa kwa lolote nililomfanyia. Akanitazama, akavua miwani. "Unajua ukiandika hivyo inaingia kwenye faili lako?" Nikasema najua. "Ndugu hawajalalamika. Mgonjwa hawezi kulalamika. Wewe unajichongea kwa nani?" Akanipa karatasi, nikaandika. Nimepata barua ya onyo na ule usimamizi wamenivua. Cheti wameniachia.

Siku ya pili nilimngoja dada yake mlangoni saa kumi. Ni mama mnene, mwenye kutembea kwa fimbo, haachi kuhema. Nikamwambia naomba pete, nilikosea kukupa. Nilidhani atanipigia kelele. Akakaa kwenye benchi la korido, akafungua mkoba, pete ilikuwa imefungwa kwenye leso, na leso ndani ya mfuko wa plastiki.

Akasema, "Hii pete nimeichukia miaka arobaini bila kuiona. Sasa nimeiona, kumbe kadude kadogo namna hii."

Akaniwekea kiganjani.

"Unafikiri sisi ni watu wabaya, sista."

Nikasema, "Mimi sijui kitu, mama. Nimekuja kumuuliza yeye."

"Haongei."

"Twende."

Fundi cherehani alikuwepo, anamkata kucha. Kaka yake alikuwepo, na wazee wawili wameshaanza kufungua vitabu vyao. Nikamwita yule mama kwa jina lake. Nikamwambia, mimi ndiye niliyekuvua pete, na sikukuuliza. Leo nakuuliza. Ukitaka, fumba macho mara moja. Hutaki, mara mbili. Kwanza nikampima, nikamuuliza kama yeye ni mwanamume. Akanitazama kama unavyonitazama wewe nikimwaga maziwa. Kisha mara mbili. Fundi cherehani akacheka mpaka mkasi ukamponyoka.

Nikamuuliza pete. Mara moja, haraka. Nikamvalisha. Safari hii iliingia bila sabuni, bibi, amekonda.

Nikamuuliza wazee wa ibada wabaki? Mara mbili. Wakatazamana. Mmoja akaanza kusema kwamba mgonjwa wa kiharusi hajui anachotaka. Kaka yake akamwambia, "Mzee, amejua kama si mwanamume." Wakafunga vitabu, wakatoka, na yeye akawasindikiza.

Kisha dada. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshajipanga kumtoa. Nilikuwa nimeshika na kile kiti chake nikiondoe, barua yako ikiwa mfukoni. Nikauliza tu kwa sababu nilishasema nitauliza. Dada yako akae?

Hakufumba. Alimtazama dada yake muda mrefu sana. Yule mama wa fimbo akasema, hakuwa anasema na mimi, "Baba alikuwa ameshika ufunguo. Nilikuwa ndani, nilikuona kwenye upenyo. Sikusema neno." Akangoja. Hata fundi cherehani aliacha kucha.

Yule mgonjwa akafumba mara moja. Nilidhani ni kupepesa tu, nikauliza tena. Mara moja.

Dada akakaa kama gunia lililokatwa kamba. Akachukua ule mkono wenye pete, hakuupangusa, hakuuombea, akaushika.

Ningeishia hapo, bibi, na wewe ungefurahi. Lakini nilikuwa nimebakiza mtu mmoja. Nikamuuliza, na mimi niendelee kukuhudumia?

Mara mbili.

Sikuuliza tena, ilionekana vizuri. Nikasema, sawa, mama. Nikamwita mwenzangu akachukua vitanda vya upande ule, mimi nikachukua wa dirishani. Nikaenda pale tunapooshea mabeseni, nikafungua maji, nikasimama mpaka yakajaa yakamwagika viatuni.

Tangu siku hiyo alikula uji, vijiko vitatu, vinne, akilishwa na dada yake. Alifariki siku ya kumi na moja, mchana, dada yake na fundi wakiwepo. Mimi nilikuwa upande wa pili napima presha ya mtu. Nilijua kwa sababu walinyamaza. Sikwenda. Waliniletea daftari la mali nitie sahihi kwamba pete imeondoka naye, nikatia.

Ofisi ya kumbukumbu wamejibu. Wamekubali, naweza kuanza mwezi wa nane. Karatasi iko mezani, sijaisaini na sijaichana. Nikirudi kazini naitazama, halafu nalala.

Mjukuu wako


Tarehe 13 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Na pole. Nimeanza na pole kabla ya habari za nyumbani, ujue sijawahi.

Katoto kanatembea, kanashika ukuta. Mjomba wako amemwita fundi wa paa, mtu anayejua, akaja akacheka, akang'oa misumari yote ya mjomba wako akaipanga mezani mmoja mmoja tuione. Sasa halivuji. Mjomba wako amenuna tangu Jumatatu.

Barua yako nimeisoma nje, kwenye mwanga. Nikafika pale pa dada, nikarudi kuisoma tena barua yangu kichwani. Nilikwambia uanze kumfukuza huyo. Niliandika kwa mkono wangu, tena kwa ukali. Sijawahi kumwona yule mama, sijui hata sura, na nilishampangia nani akae na nani atoke. Kumbe na mimi sikumuuliza. Umri huu wote, na baada ya kukueleza yale niliyokueleza, kwenye karatasi ile ile. Ungenitii ungemfukuza mtu aliyengojwa miaka arobaini na moja. Ahsante kwa kutonitii. Sitarudia kusema hivyo, kwa hiyo itunze hii barua.

Kuhusu kukukataa wewe. Inauma, na acha iume. Nakujua utaanza kujiambia kwamba labda hakuelewa, labda alichoka. Alielewa. Ulimpa mdomo akautumia, na neno moja kati ya maneno yake lilikuwa lako. Wewe ukatoka. Mimi ningebaki hapo nikijieleza mpaka mgonjwa afe kwa kuchoka.

Sasa ile karatasi ya mezani. Hapa chini utaona mistari mitano nimeifuta kwa wino mwingi, mpaka karatasi imetoboka. Nilikuwa nimekuandikia la kufanya. Usiisome kwenye jua, nimeifuta vizuri. Badala yake nakuuliza, na sijui kama nimewahi kukuuliza kitu maishani mwako zaidi ya nani amevunja taa.

Wewe unataka nini?

Usinijibu ninachotaka kusikia, hicho ninacho tayari. Chukua muda wako. Ikipita miezi miwili kimya sitanuna, na nikinuna nitanuna ndani. Mimi nipo hapa, nimekaa.

Bibi yako